Kitambaa cha Solange

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu, ni ile Jumapili niliyovaa viatu vya kukimbia, nikafunga kamba vizuri, kisha nikabaki nimekaa kitandani mpaka kengele ya misa ya pili ikalia. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na usingizi. Hata mvua haikuwa inanyesha, na unajua Goma mvua haikosi kisingizio. Nilikuwa nimekaa tu, naangalia ncha za viatu vyangu na kujiuliza, sasa mbona siinuki? Swali hilo nimelibeba miaka mingi, na sitakudanganya, mpaka leo sijalimaliza lote.

Nakuambia haya kwa sababu nimeviona viatu vyako pale chini ya dirisha. Vimeanza kushika vumbi, na kila mtu humu nyumbani anakuuliza una nini. Mimi sikuulizi. Najua huna cha kujibu. Nilipokuwa msichana niliulizwa swali hilo hadi nikatamani nipate homa ya kweli, ili watu wapate cha kushika waniache.

Wakati huo tulikaa mtaa wa Katindo, kwa baba yangu. Baba alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Butembo, wa kupandisha vitambaa na kuteremsha maharagwe, na kila tatizo la dunia aliliona kama mzigo uliofungwa vibaya. Lava ilikuwa imepita mjini si zamani sana. Watu walikuwa wanajenga juu ya mawe yale meusi, na barabara nyingine bado zilikuwa mawe matupu. Hapo ndipo tulipofanyia mbio zetu. Ukianguka, goti halikusahau.

Tulikuwa na klabu ya futingi, mbio za pamoja. Nyinyi mnazijua klabu hizo, lakini yetu ilikuwa na desturi yake. Kila Jumapili kabla ya misa ya kwanza tulikusanyika njia panda, tukajipanga wawili wawili, na kukimbia hadi ziwani huku tukiimba. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaitikia, na miguu yote ikapiga chini kwa pamoja. Hakuna aliyempita mwenzake. Ulikuwa na mtu wako wa pembeni, na huyo hakubadilika. Prezida wetu alipoita majina aliita jina moja tu kwa kila wawili, na aliyeitwa akajibu kwa niaba ya wote wawili, "Tuko!" Ukiitika hivyo, inatosha, wawili mmehesabiwa.

Mtu wangu wa pembeni alikuwa Solange. Alikuwa binti wa wafugaji wa vilima vya Masisi, mfupi, mwenye kucheka hovyo, fundi wa kushona sare za wanafunzi. Alikimbia ameinamisha kichwa upande mmoja, na mimi nilikuwa nikihema kwa kelele. "Masika," aliniambia kila mara tulipoanza kupanda, "unapumua sawa ng'ombe ya papa yangu. Ile yenye tuliuzisha." Nilicheka, na nikicheka pumzi ilikata zaidi, naye alilijua hilo. Alifurahi kunitesa.

Kisha mama yake Solange akaugua kule juu. Solange akapanda lori la jibini kwenda kumuuguza, akasema atarudi kabla mahindi hayajakauka. Mahindi yakakauka. Yakapandwa mengine. Simu wakati ule zilikuwa za watu wachache, na barabara ya Masisi ilifungwa leo, ikafunguliwa kesho, ikafungwa tena. Kila aliyeshuka alikuwa na habari yake. Mmoja alisema Solange yupo, mwingine akasema ameolewa, na wa tatu hakumjua hata Solange mwenyewe lakini alikuwa na uhakika kabisa kwamba mama amepona.

Jumapili ya kwanza bila yeye, Prezida aliita, "Masika!" Nikajibu, "Tuko!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Wakaniwekea Faustin pembeni, kijana mrefu aliyekuwa akikaribisha watu mlangoni mwa kanisa, hatua yake moja zangu mbili. Mguu wake ukishuka, wangu bado uko hewani. Nilivumilia Jumapili kadhaa namna ile, nikikimbia kama mtu anayeruka madimbwi. Halafu ikafika ile asubuhi ya kukaa kitandani.

Sasa sikiliza jinsi nyumba nzima ilivyochanganyikiwa. Mama yangu alianza kwa macho. Alinitazama tumbo. Baada ya siku kadhaa akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Masika, sema tu. Ni nani?"

"Ni nani wa nini, Mama?"

"Mwenye hiyo tumbo."

"Mama, hakuna tumbo!"

"Bon. Na mbio uliacha juu ya nini?"

Hapo nikainamia viatu vyangu, na hilo likamthibitishia. Nilipelekwa zahanati. Muuguzi akanipima, akasema hakuna mimba, hakuna malaria, mtoto huyu ni mzima kabisa. Mama alirudi nyumbani amekasirika, kana kwamba amedanganywa bei. Shangazi akaniletea maji ya baraka ndani ya chupa ya soda. Baba akasema wote hao hawaelewi kitu, tatizo ni viatu, akaenda soko la Birere akaninunulia vipya. Nikavivaa. Vilikuwa vizuri sana. Nikakaa navyo kitandani.

Na mimi mwenyewe, mwanangu, ndiye niliyechanganyikiwa kuliko wote. Nilifikiri, je, nilipenda mbio, au nilimpenda Solange tu? Kama nilipenda mbio, barabara si ile pale? Na kama nilimpenda Solange tu, basi miaka yote ile ya kusema mimi ni mkimbiaji ilikuwa uongo, na mimi ni nani? Usicheke. Wewe ukiwa na umri ule, ukapotewa na kitu kimoja ulichokijua kuhusu nafsi yako, hata chakula hakina ladha. Niliogopa. Niliogopa kwamba Solange hatarudi, na kwamba ameondoka na miguu yangu.

Ndipo Papa Kakule akaja. Huyu ndiye alikuwa Prezida wa klabu, mtu mnene, muuza mbao, mwenye filimbi shingoni hata siku za kazi. Aliketi, akanywa chai yote, akaomba nyingine, ndipo akaanza.

"Masika, uko mugonjwa?"

"Hapana, Papa."

"Kuko mutu alikukosea mu klabu?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sijui, Papa. Hamu iliisha. Nangoja irudi."

Akaweka kikombe chini. "Hamu," akasema. "Miye naongoza hii klabu tangu ilianza. Hamu ya kukimbia sijaionaka hata siku moja."

Nilidhani ananitania. Nikamuuliza, kama ni hivyo, kila Jumapili anatoka kwa sababu gani.

"Juu niko prezida! Nikilala, nani atapiga filimbi? Batu bako ku barabara, baridi inabapiga, bananingoja. Naamuka na hasira. Navaa na hasira. Bibi yangu hata haniongeleshaka ile saa. Tukifika ku ziwa, pale njo najikuta niko muzuri. Lakini ku kitanda? Hapana. Weye unaingoja ku kitanda, Masika. Ku kitanda haifikaka."

Kisha akaniambia kwamba parokia moja inaandaa mbio za vijana, kutoka Munigi hadi ziwani. Hizo hazikuwa futingi. Kila mtu na miguu yake, hakuna mstari, hakuna wimbo. "Wende ujiandikishe," akasema. "Si juu ya kushinda, kushinda hautashinda. Juu kukuwe siku yenye inakungoja weye." Akainuka, akamuaga mama, akaenda zake kuuza mbao.

Nilikasirika. Mtu mzima anakujia nyumbani, anakunywea chai, anakuambia hutashinda! Tena maneno yake yalinichanganya zaidi. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba wenye kukimbia wana kitu ndani yao kinachowasukuma, na mimi changu kimezimika. Sasa huyu mwenye filimbi ananiambia hajawahi kuwa nacho. Niliapa sitaenda kujiandikisha.

Na kweli sikwenda kujiandikisha. Nilikwenda kununua vitunguu. Ila njia ya vitunguu ilipita mbele ya ua wa parokia, na pale nje waliweka meza chini ya turubai, na kijana mmoja aliyekuwa amechoshwa na jua akanyanyua macho.

"Dada, unakimbiaka?"

Mwanangu, ningesema hapana, ningekuwa nimesema kweli. Lakini "hapana" haikutoka. Nilisimama pale na vitunguu vyangu kama mtu aliyesahau jina la mtakatifu wake.

"Jina?" akauliza.

"Masika na Solange," nikasema.

"Muko wawili?"

"Tuko!"

Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya njia panda. Kijana akanipa vitambaa viwili vyenye numero, na pini zake. Nilikuwa nimefika mbali kidogo ndipo akili ikanirudia nikaelewa nilichofanya. Ningeweza kugeuka nikamwambia, samahani, mwenzangu hayupo. Sikugeuka. Ukiniuliza sababu, sijui. Niliviweka vitambaa vile ndani ya mfuko pamoja na vitunguu, na jioni mama akasema chumba changu kinanuka mboga.

Sasa nilikuwa na kitambaa cha mtu nisiyejua kama yuko hai. Nikamtafuta Mama Riziki, mwanamke aliyekuwa akishusha jibini kutoka Masisi kila barabara ilipofunguliwa, nikamwomba amfikishie Solange ujumbe: kitambaa chako kiko kwangu, mbio ni Jumapili ya mwisho ya mwezi, shuka.

"Kitambaa?" akasema Mama Riziki. "Mutoto wa batu ateremuke Masisi, na barabara hii, juu ya kitambaa?"

"Mama, wewe mwambie hivyo tu."

Akatikisa kichwa, akafunga mzigo wake. Hakuahidi kitu.

Nikaanza mazoezi, maana siku ilikuwa imekwisha kuwekwa na mimi nilikuwa na aibu ya vitambaa viwili. Nilitoka siku ya kazi, asubuhi, peke yangu, nikaelekea barabara ya Munigi. Na hapa, mwanangu, ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu wa mji mwingine angelifanya bila shida yoyote. Nilikimbia kimya.

Mwanamke wa kwanza aliyeniona alikuwa na beseni la nyanya. Akalibeba kichwani, akaanza kutembea haraka. Mwingine akawaita watoto wake kwa majina yote. Mtu akashusha mlango wa duka lake, ule wa bati, kwa kishindo. Kishindo kile kikanishtua, nikageuka, nikaona watu wanakimbia nyuma yangu. Nikaogopa! Nikajua kuna jambo limetokea huko nilikotoka. Nikaongeza mwendo. Wao wakaniona naongeza, wakaongeza. Tulikimbia hivyo, mimi nikiwakimbia wao na wao wakinifuata mimi, na hakuna hata mmoja aliyejua anakimbia nini. Baba mmoja alikuwa amebeba kiti.

Yule mama wa nyanya ndiye aliyenifikia, maana alikuwa na mbio kuliko mimi. Akanishika mkono.

"Kuko nini? Mutoto, kuko nini?"

"Hakuna kitu, Mama! Nafanya mazoezi ya mbio!"

Aliniangalia toka kichwani hadi kwenye vile viatu vipya. Akavua sandali yake. Sijui hata leo ni kitu gani kilimzuia asinipige nayo.

"Mazoezi? Na wimbo iko wapi? Mutu anakimbiaka bila wimbo mu huu muji? Unataka kutuua na moyo? Ukikimbia, uimbe! Batu bajue hakuna kitu!"

Nilikuwa nimekimbia na klabu miaka ile yote nikidhani nyimbo zetu ni za kupiga hatua. Kumbe tulikuwa tunawaambia watu wa mitaa kwamba leo ni mbio tu, si lava wala vita, laleni. Niliomba msamaha kwa mama wa nyanya, kwa mwenye duka, kwa baba mwenye kiti, mmoja mmoja, huku nikihema kama ng'ombe aliyeuzwa. Kurudi nyumbani nilitembea.

Lakini tangu siku hiyo niliimba. Peke yangu, barabarani, mchana kweupe. Nilianzisha wimbo, kisha nikajiitikia mwenyewe. Watu wakanipa jina, wakaniita klabu ya mtu mmoja. Kuanzisha hakukuwa kugumu. Kuitikia ndiko kulikonishinda, maana upande wa kuitikia ulikuwa wa Solange, na kila nikiitikia nilijikuta naimba kwa sauti yake, nikikosea pale pale alipokuwa akikosea. Siku moja nililia kabisa, nikiwa nakimbia na kuimba. Mama wa nyanya akaniona napita. Akanipungia mkono tu.

Ikafika Jumapili ya mbio. Kule Munigi kulikuwa na baridi, mlima ulikuwa umevaa wingu lake, na vijana walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Kitambaa changu nilikibandika kifuani. Kitambaa cha Solange nilikishika mkononi. Malori ya Masisi yanaingia mjini kwa njia ya Sake, kwa hiyo kama angekuja angepanda kutoka chini kwa pikipiki, na kila pikipiki iliyopanda niliisogelea. Ilishusha mtu, si yeye. Nyingine, si yeye. Msimamizi mmoja akaja juu yangu.

"Dada, kitambaa hakishikwaka. Uvae ao utoe."

Pikipiki zilikuwa zimekwisha. Watu walikuwa wanajipanga. Nilimgeukia Papa Kakule, aliyekuja na filimbi yake kana kwamba mbio ni zake, nikampa kitambaa na pini, nikamgeuzia mgongo.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Solange."

Alikibandika kwa vidole vyake vinene vya muuza mbao, akanichoma mara kadhaa, na alipomaliza akanigonga begani kidogo. Wasimamizi wakatuachia.

Mwanangu, kukimbia na watu wasio na mstari ni jambo la ajabu sana. Walinipita bila salamu. Nilianzisha wimbo, hakuna aliyeitikia, na msichana mmoja akaniangalia kwa huruma. Watu waliosimama mbele yangu walisoma kifua changu, wakanishangilia kwa numero yangu. Waliokuwa nyuma yangu walisoma mgongo, wakaniita kwa numero ya Solange, kwa Kifaransa, kisha wakaongeza, "Kaza! Usilegee!" Nilikuwa sijui ni nani kati yetu anayechoka. Kila nikitaka kusimama, kuna mtu nyuma anamhimiza Solange, na mimi ningemsimamishaje?

Halafu, mahali fulani tukishuka kuingia mjini, nikashtuka kwamba kwa muda mzuri sikuwa nimemfikiria mtu. Nilikuwa nakimbia tu. Mwili ulikuwa wa moto, mawe yalikuwa yanapita, na nilikuwa na furaha. Ndiyo, furaha ile ile. Nayo ilinitia aibu, nikaona kama nimemsaliti, nimefurahi bila yeye. Nikajaribu kuhuzunika kidogo, kwa heshima. Sikuweza. Miguu ilikataa.

Ziwani walikuwa wameweka wasomaji wawili wa numero, kwa sababu watu walivaa vitambaa kila mtu alivyopenda, wengine kifuani, wengine mgongoni. Mmoja alisimama mbele ya mstari, mwingine alisimama baada yake, na kila mmoja alimpigia kelele mwenye kipaza sauti. Nilifika wakati waandaaji wameanza kukunja viti. Wa mbele akasoma, wa nyuma akasoma, na sauti ikatoka juu ya maji: "Masika amefika! Solange amefika!"

Klabu yetu yote ilikuwa pale. Waliposikia jina hilo waliruka. "Solange! Solange amerudi! Iko wapi?" Faustin akaingia kati ya watu akimtafuta. Wasichana wakaanza kupiga vigelegele huku wakigeuza vichwa huku na huko. Mimi nilikuwa nimeinama, nimeshika magoti, nahema. Nilipopata pumzi nilikwenda kwa mwenye kipaza sauti.

"Papa, Solange hakukimbia."

"Numero yake imefika."

"Imefika na mimi, Papa. Mgongoni."

Akanizunguka, akatazama mgongo, akarudi mbele, akatazama kifua. Akafikiri. "Basi mumefika bote mbili," akasema, "na miye nilikwisha kutangaza." Akakunja waya wake.

Sasa, kati ya waliosikia tangazo lile kwa masikio yao alikuwa Mama Riziki, aliyekuja ziwani kuuza jibini kwa watazamaji. Yeye hakuona mgongo wangu. Alisikia tu. Na barabara ilipofunguka, akapanda na habari hiyo.

Jibu lilikaa sana. Mwishowe Mama Riziki akaja hadi kwetu na jibini zima, la mviringo, limefungwa kwa majani ya mgomba, akaketi karibu na mama yangu, akanitazama vibaya.

"Solange anasema hivi," akaanza, na akabana pua ili kuigiza sauti yake. "Nimesikia nimefika kati ya ba mwisho. Aibu hii ni ya nini? Unanifanyisha haya mbele ya batu ba Goma. Kama unataka kukimbia na jina yangu, ukimbie sawa miye."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Mama Riziki hakucheka. Alingoja nimalize, kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, polepole.

"Mama yake walimuzika. Tangu siku ile, ule mutoto hakutokaka inje ya lupango ya nyumba. Kula, hapana. Kushona, hapana. Batu balichoka kumuuliza. Miye nikafika, nikamuambia, pongezi, nilisikia umefika ku ziwa. Akaniona sawa nimekuwa mupumbavu. Nikamuelezea habari ya kitambaa na ya tangazo. Akacheka. Masika, alicheka sana. Halafu akaamuka, akavaa viatu, akatoka mbio ku kilima, kutuonyesha vile angekimbia kama ingekuwa yeye. Tukamungoja mpaka magharibi." Akakata kipande cha jibini, akampa mama. "Anauliza mbio ingine ni siku gani. Anasema umuandikishe."

Nililia mbele yao wote, na safari hii mama yangu hakunitazama tumbo.

Solange alishuka kwa mbio zilizofuata. Aliniacha mbali kiasi kwamba nilipofika ziwani nilimkuta ameketi juu ya jiwe, anamaliza mhogo, anaongea na Faustin, ambaye baadaye alimuoa. Kwa hiyo na hilo nalo nililisababisha bila kujua.

Wewe sasa utaniuliza, hamu ilirudi lini? Ilikuwa kule mteremkoni? Ilikuwa siku ya nyanya? Au ilirudi na jibini? Sijui, mwanangu. Nimezunguka swali hilo hadi nimezeeka. Ninachokijua ni kwamba haikunikuta kitandani. Kwa hiyo nasaha yangu kwako ni fupi. Usikae kujichunguza kama muuguzi wa zahanati. Usingoje kwanza uelewe ndipo uvae viatu. Katoe jina lako mahali, mbele ya watu, kwa siku inayojulikana, na ile siku itakusumbua mpaka uinuke. Utatoka na hasira, utatoka na aibu, utatoka huku unamkumbuka mtu aliyekuwa pembeni yako. Toka hivyo hivyo. Na ukikimbia mitaani, imba. Mji huu umechoka kushtuka.

Tena kuna jambo moja. Leo asubuhi nilikwenda kununua vitunguu. Mbele ya parokia wameweka meza, wanaandika vijana na hata wazee, ni mbio fupi, mpaka ziwani tu. Msichana wa pale akanitazama kiuno changu cha uzee, akacheka kwa heshima, akaniuliza kama niko peke yangu. Vitambaa viko juu ya kabati, cha kwako ni kile cha juu. Kama kinanuka mboga, nisamehe.

Mungu akupe magoti mazima, mwanangu. Akupe mtu wa pembeni, na siku ambazo hayupo akupe sauti ya kuitikia upande wake. Barabara ikufungukie kwenda na kurudi. Na Jumapili wakiita jina langu, mimi pumzi sina tena, utaitika wewe.